Mbwa Niliyekula Naye Bakuli Moja

Kambi ya Kahawa,
Ruiru

Mdogo wangu Peresi,

Hujambo wewe, na nyumba yako haijambo? Ng'ombe amezaa, au bado mnamtazama tumbo tu? Nilisikia mvua ya mawe iliwapigia mahindi, nikakosa raha. Mimi ni mzima. Meno yamepungua mawili, mdomo haujapungua. Anayeniandikia ni Rebeka, mke wa mwalimu wa kanisa, na nimemwapisha aandike ninavyosema, hata pale atakapoona haya.

Ninaandika haraka kwa sababu Nafutali, kijana wa jirani yako, amepata likizo na anakuja huko. Atawaambia Dorika amerukwa na akili, siku hizi anakula na mbwa. Kula na mbwa, nimekula. Akili ninayo. Sasa sikiliza kutoka kwangu.

Bwana wa shamba la jirani aliuza akaenda kwao Ulaya. Alibeba viti, alibeba mapazia, alibeba hata maua ya ndani. Mbwa wake akamwacha kwenye mnyororo. Na wakati huu kuna kichaa cha mbwa huku, serikali imesema mbwa asiye na mwenyewe apigwe risasi. Lakini kuna memsahibu mmoja, mzungu mjane wa Thika, sisi tunamwita Mama Mbwa, anayeokota mbwa wa namna hiyo na kuwapa watu wawalee mpaka apatikane wa kuwachukua kabisa. Alikuja kambini na gari lake, mbwa amelala nyuma, akauliza nani atamlea mwezi mmoja. Bwana wetu wa shamba alikubali huo mwezi mmoja tu, maana sisi wafanyakazi haturuhusiwi kufuga mbwa.

Watu wakacheka. Zakayo nyapara akasema, "Memsahibu, hata sisi tunangoja wa kutulea!"

Nikachungulia ndani ya gari. Peresi, lile kovu la mguuni nililokuonyesha tulipomzika mama, ni la mbwa huyo huyo. Anaitwa Buruno. Nilikuwa nimepeleka mayai pale kwa bwana wake, akanirarua, na bwana amesimama mlangoni anatazama tu. Sasa amebaki mbavu, mnyororo umemla shingo mpaka nyama inaonekana. Aliponiona akanguruma. Lakini miguu ya nyuma ilikuwa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana. Nikasema, mshusheni.

"Mama Dorika," Zakayo akaniambia, "huyu si ndiye aliyekula mguu wako?"

"Ndiye. Amekuja kumalizia."

Siku tatu hakula. Nilimpikia ugali wa posho yangu mwenyewe, nikamwekea mchuzi wa mifupa, nikamwombea maziwa kwa watu. Anatazama chakula, mate yanamtoka, halafu anageuza uso ukutani. Nikiondoka hagusi, nikirudi hagusi. Nikakasirika. Nikamwambia, "Kufa basi, unayeringia chakula cha watu weusi!" Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mtu hawezi kumwambia hivyo kiumbe aliye ndani ya nyumba yake.

Siku ya tatu akapita mzee Kariuki, aliyekuwa mpishi wa yule bwana. Akamtazama mbwa, akatikisa kichwa.

"Haringi, mama. Alifundishwa. Bwana alikuwa akimwambia mtu wa bustani ampe nyama. Mbwa akifungua mdomo tu, mjeledi. Eti mwizi asije akamtilia sumu. Chakula kilichotoka mkono mweusi hawezi kula, hata afe."

Nilikaa chini, Peresi. Kumbe ni woga, mimi nilikuwa nauita majivuno.

Sasa kwetu, mgeni akiogopa sumu tunamfanyia nini? Mwenye nyumba anaonja kwanza, mbele ya macho yake. Baba yetu hakumpa mtu kibuyu kabla ya kukitia mdomoni mwake. Basi nikachukua bakuli, nikakaa mavumbini karibu naye, nikala tonge moja polepole. Nikafungua mdomo aone nimemeza. Tonge la pili nikaliweka mbele ya pua yake. Hakuligusa. Nikala jingine. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Mwishowe akalala tumbo chini, akajikojolea kwa hofu, Peresi, akaleta mdomo ndani ya bakuli na mkono wangu ungali humo. Akala. Aliporamba vidole nilivihesabu, nikavikuta vitano.

Wanawake waliokuwa bombani wakapiga kelele: "Uuui! Mama Dorika anakula na mbwa!" Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa wakaniambia nisiguse vikombe vya chai. Rebeka anakohoa hapa, maana alikuwa mmoja wao. Andika, Rebeka.

Baada ya hapo alikuwa ananifuata kwenye mistari ya kahawa, analala chini ya mti ninaochuma. Watoto wa kambi wakamvuta masikio, akawaachia. Mwezi ulipobaki siku nne, Mama Mbwa akaja na mzungu wa shamba la makonge upande wa Thika anayetaka mbwa wa kulinda nyumba. Nyumba kubwa, nyama kila siku. Nilimwosha Buruno na sabuni yangu. Nilijiambia, nilimlea kwa ajili ya mtu mwingine, ndivyo tulivyokubaliana.

Mzungu akamzunguka, akamkagua meno. Kisha akatoa kipande cha nyama mfukoni, akampa Zakayo. "Mpe."

Nilijua anachotafuta: mbwa asiyekula kutoka mkono mweusi. Moyo ulinipiga pande mbili: akatae, apate kwao; au akubali, maana nimemtoa kwenye woga ule kwa shida. Buruno akamtazama Zakayo, akaniangalia mimi, akaichukua ile nyama taratibu kama mtoto aliyelelewa vizuri. Mkia unacheza.

"Ameharibika huyu," mzungu akasema. "Nani amemharibu?"

"Mimi," nikasema.

Akaingia garini. Memsahibu akaniambia hana mtu mwingine, na siku nne zikiisha ni watu wa bunduki. Zakayo alikuwa anatazama viatu vyake. "Mama, kambini hawezi kubaki. Si mimi, ni amri ya bwana."

"Basi tunaondoka."

"Nani na nani?"

"Mimi na yeye."

Kwa hiyo ninakuja nyumbani, Peresi, tena si kwa matembezi. Memsahibu amemdunga sindano ya kukinga kichaa, ametuandikia karatasi ya gari la moshi, Buruno atapanda behewa la gadi, lile la nyuma la mizigo. Shingoni ana kibati, na jina la mwenye mbwa ni langu. Najua utakavyosema: tangu nifiwe na mume umenililia nirudi, nikakataa, leo narudi kwa sababu ya mbwa. Sema. Ukimaliza kusema, nifagilie nyumba yangu. Niliiogopa ile nyumba, nikilala ndani yake nisisikie mtu mwingine akipumua. Ndiyo hiyo tu. Sikuwahi kukuambia.

Waambie watoto wasimkimbilie na fimbo, akiona mkono umeinuliwa hujikunja. Nisalimie mke wa marehemu kaka yetu, na shangazi asiyesikia, mpigie kelele mpaka asikie. Mzee wa kanisa mwambie mbwa atangoja nje wakati wa ibada. Mume wako mwambie akichoka kunung'unika aje stesheni ya Kisumu na baiskeli, nina mizigo.

Mimi dada yako mkubwa, Dorika. Alama hii nyeusi ni dole gumba langu. Ile kubwa iliyo kando, yenye kucha, ni yake. Rebeka alinikataza nisichafue karatasi, nikamkandamizia Buruno mguu hivyo hivyo.