Pikipiki Waliyoiita Takataka

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi.

Salim, mume wangu, ana ile pikipiki kubwa ya Kijerumani ya safari ndefu ambayo kila mwendeshaji hapa London anaiota. Mimi nilinunua ya Kijapani, modeli ya zamani, ambayo hakuna anayegeuka kuitazama. Leo tulibadilishana ili tumalize ubishi wa ipi ni bora kabla ya safari yetu ya Moroko. Yake ina nguvu za ajabu na hata upepo huusikii, lakini kwenye taa nagusa lami kwa ncha za vidole tu, na uzito wake unanitia hofu. Yangu haina mbwembwe. Miguu inakanyaga chini, na mashimo inayapita bila kunirusha.

"Haya, nimekubali," Salim alisema tuliposimama kwenye mkahawa mmoja mtaa wa Kenton kunywa chai. "Hii yako si mchezo."

Chai hatukuimaliza.

Wanaume wawili walifika kwa skuta, nyuso wamezifunika. Mmoja akawasha grinda akaanza kukata mnyororo uliofungia pikipiki ya Salim, cheche zinaruka, mchana kweupe, watu wanapita. Mwenzake akaisogelea yangu. "Achana na hiyo," akaambiwa. "Takataka."

Salim alitoka mbio. Yule wa pili alikuwa na nyundo. Nilisikia mfupa wa mkono wa Salim ukivunjika kabla hata hajapiga kelele.

Helmeti ilikuwa mkononi mwangu. Nilimpiga nayo mwenye nyundo kisogoni, akaanguka kifudifudi, nyundo ikaruka hadi barabarani. Mwenye grinda akarukia skuta akatoroka peke yake.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia hapo.

Nilimpiga tena akiwa chini. Kisha tena.

"Mwanaidi, basi! Utamuua, mke wangu, basi!" Salim alikuwa akilia. Nilimsikia vizuri. Na niseme ukweli: nilikuwa naona raha.

Mimi ni nesi. Damu ilipomtoka yule mwizi sikioni nilijua maana yake: fuvu limepasuka. Nikapiga magoti kwenye maji, nikakishika kichwa chake kisitikisike mpaka ambulensi ilipofika. Alikuwa akimwita mama yake.

Salim amefungwa plasta. Yule mtu yuko chumba cha wagonjwa mahututi.

Hospitalini askari aliniuliza nilimpiga mara ngapi. Nikajibu, "Mara moja." Salim akainamisha macho.

Simu haijatulia. Jamaa zetu wananiita shujaa, wengine wanauliza nilinunua wapi pikipiki ile ambayo wezi hawaitaki. Sijamjibu hata mmoja.

Asubuhi nitampigia yule askari. Nitamwambia ni mara tatu, na kwamba mbili za mwisho sikuwa namwokoa mtu.