Sauti ya Maître ku matanga

Jemima, sikia hii. Tumetoka ku matanga ya papa Blanchard na patronne wangu wa kazi, Maître Elodie, ule avocat wa kutetea watu.

Unajua ile application ya afya Maître alitengeneza ku simu, alitia sauti yake mwenyewe ndani. Ile saa yayo ya kupima moyo, walisahau kuitosha ku mukono ya papa. Iko naye ndani ya sanduku.

Simu ya marehemu, yenye kusoma ile saa, ikasema, na sauti ya Maître: « Papa, leo umetulia muzuri sana. Endelea vile. »

Endelea vile, Jemima! Kwa maiti!



Mama mujane akamuangalia Maître, akasema pole pole: « Ni sauti hii ilimwambia aache dawa za tension ya damu, apumue, anywe majani. Alitii. Angalia, Maître, na sasa angali anatii. »