Shokomzoba Mpya za Gari Lako, Yeyo

Yeyo,

Nakuandikia, mama yangu, kwa Kiswahili, lugha uliyonilipia karo nijue kuiandika, kwa sababu kwa Kimaa mkono ungesita. Kwetu mama aliyefariki hatajwi tena kwa jina. Lakini nina mambo ya kukuambia, na wa kuambiwa ni wewe peke yako.

Ulipofariki mwezi wa nane, jina lako lilitolewa midomoni mwa watu siku hiyohiyo. Hata yule msichana wa ng'ambo ya korongo, mwenye jina kama lako, sasa wanamwita kwa jina la kanisani. Hayo nimeyajua tangu utotoni na sikuyapinga. Shida ilikuwa gari. Miaka yote pikapu yako ilipobeba maziwa ya akina mama kutoka huku kwetu hadi Kitengela, hakuna aliyewahi kuliita gari. Vumbi likionekana asubuhi, walisema wewe unakuja, kwa jina lako, hata siku ulizolala na malaria nami nikashika usukani. Ulipokufa wakakosa la kuliita. Walisimama barabarani na mitungi yao, nikifika wananyamaza kama tumekosana.

Baba Mdogo, ndugu yake Baba, ndiye aliyelisema wazi. "Hiyo gari iende mbali. Iko na jina ya mtu hayuko." Akatafuta mnunuzi Illasit, mkulima wa nyanya, huko ambako hakuna anayekujua. Na huyu Baba Mdogo, Yeyo, ndiye anayeongoza kwaya na kutuambia mila za zamani tumeziacha msalabani. Hii moja naona iliteremka ikamfuata nyumbani.

Akapata na sababu nyingine. Shokomzoba zilikuwa zimekwisha. Unajua mwenyewe, tangu mvua za El Nino ziile barabara yetu ulikuwa unasema utazibadilisha ukipata nafasi. Gari lilipoingia shimo moja liliendelea kudunda mpaka shimo la pili. Maziwa yakawa yanafika Kitengela yameanza kuwa siagi. Mama wa hoteli akifungua mtungi anaona mabonge yanaelea, ananirudishia. Akina mama wa huku walipokea maziwa yao jioni bila kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Baba Mdogo akasema mbele yao kwamba gari limemfuata mwenyewe kaburini.

Tangu tukuzike nilikuwa nalia tu. Siku hiyo nilikasirika, na nikaona afadhali.

Nilinunua shokomzoba nne Kitengela, pamoja na mipira yake midogo ya kuvisha kwenye matundu ya kufungia. Fundi wa pale alitaka nimwachie gari nikakataa. Wewe zamani ulizibadilisha mwenyewe, nyuma ya boma, shuka umeifunga kiunoni na shanga umezivua ukazitundika kwenye kioo cha pembeni, nami nilikuwa nakuangalia nikijifanya nasoma. Shanga zangu pia nilizitundika palepale.

Niliweka mawe kwenye tairi, nikapiga jeki, nikaweka na magogo chini ya chesisi kwa sababu jeki yetu haiaminiki. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Nikazimwagia mafuta ya taa na kungoja hadi siku ya pili. Ya juu, upande wa kushoto, ilizunguka pamoja na chuma chake mpaka nikakibana kwa koleo. Shokomzoba ya kwanza ilipotoka niliibonyeza kwa mkono, ikazama, ikakaa hukohuko. Haikurudi hata kidogo. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Kumbe uliendesha hivyo miezi yote ile, na mgongo wako ule, na hukusema neno. Hapo nililia, nisikufiche.

Kisha nikafanya ujinga. Mipira mipya ilikataa kuingia, nikachukua mafuta ya kondoo. Utauliza nani alinituma. Lakini kwetu mafuta ya kondoo hupakwa mtoto mchanga, mkanda wa ngozi, mlango unaolia, hata kifua kikibana. Nikaona mpira nao utayapenda. Ukaingia bila ubishi, nikajisifu. Baada ya wiki tatu mipira yote ilikuwa imevimba na kulegea, chuma kinagonga chuma, kok, kok, kok, mpaka Isinya. Baba Mdogo alikuja, akaegemea ubavu wa gari, akalitikisa, akasikia, akatabasamu. Akasema mnunuzi atafika Jumamosi.

Yule fundi wa Kitengela alicheka mpaka akaketi chini. Akaniambia mpira na mafuta haviwezi kukaa nyumba moja, nitumie maji ya sabuni. Nikanunua mipira mingine, nikarudia kazi yote kuanzia jeki. Safari hii nilikumbuka na neno lako, ambalo mara ya kwanza nililisahau kwa hasira: "Usikaze ikining'inia. Kaza ikiwa imesimama na miguu yake." Nikateremsha gari kwanza, likakalia uzito wake, ndipo nikaingia chini na spana nikakaza. Ijumaa nilibeba maziwa nikipita kwa makusudi kwenye mashimo yote uliyokuwa unayakwepa. Gari lilishuka mara moja na kutulia. Mama wa hoteli alifungua mitungi yote, mmoja baada ya mwingine. Maziwa, Yeyo. Maziwa matupu.

Jumamosi mnunuzi akaja. Mtu mpole, hajui mambo yetu. Alibonyeza kila kona ya gari, likashuka, likapanda, likatulia, akasema miguu yake ni mizuri. Baba Mdogo akafurahi. Nikaona kumbe jasho langu lote ndilo linalomuuzia gari, na moyo ukanishuka. Kisha mgeni akaomba logibuku, karatasi ya umiliki wa gari. Nikaitoa ndani nikampa. Alikuwa amesahau miwani, akamkabidhi Baba Mdogo.

"Mzee, nisomee hapa. Mwenye gari ni nani?"

Baba Mdogo aliangalia karatasi. Akaangalia ng'ombe. Akina mama watano walikuwa wamesimama pale na mitungi yao, wote wakainamisha vichwa. Akaigeuza karatasi upande wa pili. Sikumhurumia. Niliichukua ile karatasi mkononi mwake nikasoma kwa sauti.

"Nasieku. Ni mamangu. Amekufa, na mimi ndio mtoto wake. Gari haiuzwi."

Radi haikupiga. Mbuzi waliendelea kula. Mgeni aliniangalia, akamwangalia Baba Mdogo, akatupa pole ya msiba, akaomba tu asaidiwe kufika stendi. Nilimpeleka mwenyewe, na njia nzima alikuwa anasifu shokomzoba.

Baba Mdogo hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Nasikia anasema nimeita mauti nyumbani. Wawili kati ya wale akina mama wanapeleka maziwa yao na mtu mwingine, na ndama wa mtu akiugua sasa, ninaangaliwa mimi. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Na kama kutajwa kunakusumbua huko uliko, nisamehe, kwa maana sitaacha. Wanasema tunanyamaza kwa heshima. Mimi nimenyamaza miezi mitano, na kila siku ya ukimya ule niliona umepungua kidogo, mpaka ikawa kama maziwa ya watu yalikuwa yanajipeleka Kitengela yenyewe. Hayakujipeleka. Uliyapeleka wewe.

Jumatatu naanza kupitia njia ya boma la Baba Mdogo. Mke wake hana wa kumbebea maziwa, na yeye hajanikosea. Nitapiga honi langoni. Mtoto akitoka kuuliza ni nani amekuja, nitamwambia jina lako, kwa sauti ya kufika hadi ndani ya nyumba. Nakuahidi hilo kila asubuhi, kiangazi na masika, maadamu gari linatembea.

Pumzika, Nasieku.

Binti yako