Kasuku Hakuwa Amelewa

Nyumba ya kwanza,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yakiwa yamepata nafuu. Mara ya mwisho uliandika kwamba ngazi za nyumba yako zimekuwa adui, na kwamba siku hizi unashuka mara moja tu kwa siku. Je, jirani yako bado anakupandishia maji? Na macho yanaendeleaje? Ulisema daktari amekubadilishia miwani. Kama bado hujaizoea, soma taratibu, kipande kwa kipande, lakini nakuomba usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Sisi huku wazima wa mwili. Mjukuu wako mkubwa anaendelea na shule. Yule mdogo anajifunza kusema, na kila mwanamke mwenye miwani anamwita bibi, kwa sababu ya picha yako iliyo ukutani. Juzi alimwita hivyo muuza duka, ambaye hajafika hata miaka thelathini, tukanyimwa chenji.

Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi mitano. Nimeianza barua hii mara nyingi. Kila nikifika kwenye kukuuliza hali yako, mkono unakuwa mzito, maana najua aliyekuharibia hali hiyo ni nani.

Nakuandikia kuhusu Kasuku.

Wewe ndiwe uliyempa jina hilo, kwa sababu alianza kusema kabla hajamaliza kuota meno na hakunyamaza tena. Kiwandani alikuwa vilevile. Alizungumza hata na unga. "Amka wewe, watu wana njaa," aliuambia akiukanda, nasi tukacheka, na asubuhi ikawa fupi.

Siku ya mazishi ulinivuta jikoni, ukafunga mlango, ukaniuliza, "Mwanangu alianza lini kunywa?" Nami nikakujibu, "Muda kidogo, Shangazi. Tulikuficha tu." Hukulia. Ulijifuta mikono kwenye nguo yako, ingawa haikuwa na maji, na jioni ileile ukapanda basi kurudi kwako. Baadaye nilisikia umejitoa kwenye uongozi wa kikundi cha akina mama, ukisema aliyeshindwa kulea wake hana la kuwafundisha wenzake.

Shangazi, Kasuku hakuwa amelewa. Hakunywa siku ile, wala siku nyingine yoyote ninayoijua. Nilikudanganya, tena nililipwa ili nidanganye.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Mashine ya kukandia unga ni pipa kubwa la chuma lenye mkono unaozunguka ndani. Juu yake kuna kifuniko cha wavu, na ukikifunua, mashine inatakiwa isimame yenyewe. Lakini mashine ikisimama, muda unapotea. Kwa hiyo meneja, yule tunayemwita Kalamu kwa sababu kalamu haikosi sikioni mwake, aliamuru swichi ya kifuniko ifungwe kwa waya. Mashine ikawa inazunguka wazi, na mtu anaongeza unga na kukwangua pembeni huku chuma kikizunguka chini ya kidevu chake. Mikate ikaongezeka kila zamu, na tajiri akafurahi.

Kasuku alilalamika mara mbili, mbele ya watu wote. Mara ya pili Kalamu alimwambia, "Ukichoka kusema, utafanya kazi. Nje ya geti kuna watu kumi wanaitaka nafasi yako." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, napima chumvi. Mkono wa shati lake ulinaswa. Hakupiga yowe. Alisema neno moja tu, "Zima!" Kitufe cha kuzimia kilikuwa ukutani, na mbele ya ukuta tulikuwa tumepanga magunia ya unga hadi kifuani. Niliyaparamia. Nilipokifikia kitufe, kazi ya kuzima haikuwa na maana tena.

Alikufa Alhamisi hospitalini. Nilikuwa naye. Aliniuliza kama ule unga tuliutupa au tuliuoka. Nilimwambia tuliutupa. Akasema, "Afadhali." Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia, nami nimekaa nalo peke yangu wakati lilikuwa lako.

Ijumaa, kabla hata hatujamzika, Kalamu alituita ofisini watu watatu tulioshuhudia: Mzee wa Tanuri, dada mmoja wa kitengo cha kufungasha, na mimi. Karatasi zilikuwa zimeshapigwa chapa. Zilisema marehemu alifika kazini akinuka pombe, kwamba waya aliufunga yeye mwenyewe, na kwamba alikuwa ameonywa. Tajiri alikuwepo. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole kama mtu aliyefiwa, kisha akasema, "Yeye ameshakwenda. Tusiwaumize waliobaki. Hapa pakifungwa, familia mia mbili zitalala njaa."

Kalamu akaweka bahasha mezani. Penye udhia, penyeza rupia. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, nikidhani inahusu watu wa maofisini. Sikujua kwamba na mimi nina mlango wa kupenyezewa.

Bahasha yangu ilikuwa nene kuliko za wenzangu. Dada wa kufungasha aliona, akauliza palepale bila haya, "Mbona yake imeshiba?"

"Huyu ni ndugu," Kalamu akajibu.

Basi hivyo ndivyo nilivyojua thamani ya undugu wetu. Nililipwa zaidi kwa sababu uongo wangu ungeaminika zaidi. Nilitia saini kwa kalamu iliyotoka sikioni mwake, ikiwa bado ina joto.

Ningekuwa na njaa ningejitetea. Sikuwa na njaa, Shangazi. Kodi ilikuwa imelipwa, watoto walikuwa wanakula. Nilichotaka ni nafasi kidogo tu: vyumba viwili badala ya kimoja, na bomba la maji ndani. Ndicho nilichopata. Mwezi uliofuata tukahamia nyumba hii, na kazini nikapandishwa kuwa msimamizi, nikapewa shada la funguo la kuning'iniza kiunoni.

Nilidhani watu watanitemea mate. Walinisogezea kiti. Mlinzi wa getini, ambaye zamani alikuwa akinipekua hadi soksi, akaanza kusimama nikipita. Mwenye nyumba yetu ya zamani, aliyekuwa akinigongea nikiwa bafuni, akawa ananiita Mheshimiwa. Watu wanaojua vizuri nilivyoipata pesa ile walikuja kuniomba ushauri wa maisha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ingekuwa chuki ningeivumilia. Heshima ile ndiyo iliyonitisha.

Wale wenzangu wawili nao hawakubaki kama walivyokuwa. Mzee wa Tanuri, aliyeapa kwamba marehemu alikuwa mlevi, sasa ndiye anayekuja kazini akiyumba, na hakuna anayemwandikia karatasi. Dada wa kufungasha aliacha kunisalimia. Usidhani ni kwa sababu ya uongo tulioufanya pamoja. Ni kwa sababu ya unene wa bahasha. Wazee walisema fedha fedheha, tukaona ni mchezo wa maneno tu.

Na mimi? Nilianza kumchukia Kasuku. Sijui kama utalielewa hili, wewe uliyetulaza kwenye godoro moja na kutuosha kwenye beseni moja. Nilijiambia pengine alikuwa akinywa kwa siri. Nilijiambia alikuwa msumbufu, kwamba kusema kwake kulimponza. Mtu akilipwa kusema neno, Shangazi, baada ya muda analiamini bure.

Ukafika mwezi wa tano. Mkamwana wako alikuja kiwandani kuuliza habari za fidia, mtoto mgongoni. Niliambiwa yuko nje. Nilimwacha kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku napitapita mbele ya dirisha na funguo zangu zikilia. Hatimaye nilimwambia kupitia dirishani kwamba karatasi zinaonyesha kosa lilikuwa la mumewe mwenyewe. "Shemeji," akasema, "wewe ulikuwepo." Kisha akaondoka. Sasa anaishi kwenye chumba cha nyuma ya duka fulani, anaosha sakafu za wenye duka ili wamwachie alale. Hilo najua hakukuandikia. Ana aibu, wakati wenye kustahili aibu ni sisi.

Baada ya ajali wakaguzi walikuja, waya ukaondolewa. Mwezi uliopita Kalamu alinipa koleo na waya mpya. "Wewe ndiye msimamizi," akasema. Nikaufunga, kwa mikono hiihii inayokuandikia.

Mashine alikuwa amepewa mama mmoja wa watoto wanne, mgeni kazini. Aliniuliza waya ule ni wa nini, nikamjibu ni wa kuharakisha kazi. Kwa siku kumi na moja nilimtazama akiinama juu ya pipa. Siku ya kumi na mbili ncha ya kitambaa chake cha kichwa ilidondokea ndani, ikaanza kuvutwa. Alikuwa amekifunga kwa ulegevu, kikamtoka kichwani kizima, kikazama kwenye unga. Alisimama pale kichwa wazi, akanitazama, akacheka. Alicheka vile tulivyokuwa tukicheka sisi.

Nilichukua koleo nikaukata waya mbele ya watu wote. Kalamu akaja mbio akiuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia akamwite tajiri. Tajiri hakuja. Kabla ya saa sita nilikuwa nje ya geti bila funguo, na yule mlinzi hakusimama. Usifikiri nimekuwa shujaa. Nimesikia kwamba saa nane mchana uleule waya ulikuwa umesharudi, na yule mama anaendelea na kazi. Ana watoto wanne.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kazi. Afisa ni mzee aliyechoka. Alitafuta jalada, akaifunua karatasi yangu, akaniuliza, "Hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Basi ama ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa. Chagua, maana yote mawili ni kosa."

Nikamwambia nilidanganya wakati ule. Akavua miwani, akanieleza kwamba neno langu peke yake haliwezi kulifungua jalada lililofungwa. Lazima aombe mwenye haki: mke au mama wa marehemu. Mke alitia saini alipopokea gharama za mazishi, na ndani ya karatasi ile, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hatadai tena. Hakusomewa. Aliyemshikia karatasi wakati akitia saini ni mimi.

Umebaki wewe.

Nilikwenda kwa mkamwana wako kumweleza yote. Alinisikiliza mlango ukiwa umefunguliwa nusu, ndoo mkononi. Nilipomaliza alisema, "Mwambie mama. Mimi usiniambie tena." Ndiyo maana leo nimeweza kuimaliza barua hii.

Mke wangu aliniuliza, "Ukweli wako utalipa kodi?" Usimwone mbaya. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu sikumuuliza yeye nilipoichukua ile bahasha. Siku ya pili nilimkuta anashusha mapazia na kuyakunja. Tunahama mwisho wa mwezi, chumba kimoja, mbali na hapa.

Ndani ya barua hii kuna fomu. Mahali palipoandikwa "uhusiano na marehemu" utaandika mama. Mahali pa shahidi nimeshatia saini yangu. Itume moja kwa moja kwa afisa, anuani iko juu ya karatasi. Usiitume kupitia kwangu wala kwa mtu yeyote wa ukoo, maana kikulacho ki nguoni mwako, na umeshaliona hilo.

Ukiijaza, wataitwa tajiri na Kalamu, na mimi nitaitwa pamoja nao. Afisa ameniambia naweza kufungwa. Najua moyo wako. Utasema, nikimfunga huyu, watoto wake watakula nini? Nakusihi usiliweke hilo kwenye mizani. Ndivyo tajiri alivyotushika, kwa kututajia watoto wa watu. Na usinionee huruma kwa kuwa ulinilea. Ulimlea na yeye.

Sijui kama tutashinda. Wana wakili, wana pesa, na karatasi zao zimepangwa vizuri. Huenda usipate hata senti. Lakini hata ukiichana fomu, jambo moja limekwisha kuwa lako, na hakuna wa kukupokonya: ulilea mtu aliyeona hatari akasema, tukamcheka. Mlevi hakuwa yeye.

Nisalimie jirani yako wa maji. Mwambie Baba Mdogo kwamba ile pole aliyonipa mazishini sikuistahili. Mke wangu na watoto wanakuamkia. Mkamwana wako hakunipa salamu za kukuletea, nami sikuthubutu kumwomba.

Mungu akupe nguvu ya kusoma hadi hapa, na nyingine ya kuamua. Usinijibu mimi. Mjibu afisa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
ninayekupenda, na niliyekuuza.