Gauni la Kipaimara la Oliva

Lizaboni, Songea
Juni 12

Dada yangu Lidwina,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia na huko Mbesa mmemaliza kuvuna. Sisi wazima, baridi tu inatutafuna.

Umeuliza kama Oliva aje kukaa kwako, maana umesikia hana raha nyumbani. Dada, kwa bahati niliyonayo, swali hilo halina kazi. Baba gani hapa Lizaboni ana binti wa miaka kumi na tano anayemweleza kila kitu? Ni mimi peke yangu. Wenzangu wanalea watoto, mimi naishi na rafiki.

Kipaimara kilipita vizuri. Gauni nilimshonea mwenyewe, bila tepu. Unanijua: shule ilinishinda, lakini mtu akipita barabarani nampima kwa jicho tu, na nguo inamkaa. Sasa fundi kama mimi nimpime mwanangu wa kumzaa?

Asubuhi ile ukungu ulishuka kutoka milima ya Matogoro mpaka mlangoni mwa kanisa. Wasichana wakawa wanatokea mmoja mmoja, weupe ndani ya weupe, kama wanaelea. Mmoja alikuwa mrefu, shingo yake kama ya marehemu mama yetu. Nikamwambia jirani yangu Hironimus kwamba baba wa huyu atafute mbwa mkali. Hironimus akanitazama weee, akasema huyo ndiye Oliva wako, bwege wewe.

Gauni alilovaa silijui. Aliazima kwa Walburga, binti wa Hironimus. Langu lilikwama mabegani. Nilikuwa nimemshonea yule Oliva wa darasa la nne niliyekuwa nambeba kwenye baiskeli. Mama yake ndiye aliyenieleza baadaye. Oliva alilia, akakataza nisiambiwe, akisema nitamfanya kichekesho cha wateja. Na kweli ningemfanya. Mimi najiona mcheshi, kumbe mwanangu ananiona redio isiyozimika.

Jana nilimwomba asimame nimpime. Alisimama. Nikazungusha tepu, sikutania hata neno. Yeye akatazama dirishani mpaka nikamaliza, akasema asante baba, akaenda zake. Vipimo vyake ninavyo hapa mezani. Navisoma kama vya mtu ambaye bado hatujajuana.

Msalimie sana shemeji Yohanes. Kuhusu kuja kwako, muulize mwenyewe, wewe atakujibu. Mimi haniambii kitu, dada. Ule urafiki niliokuandikia hapo juu ni uongo.

Mdogo wako,
Saimon, fundi