Kiraka cha Moyo wa Baba

Jumanne, Nyabiyonza

Eti kondo la nyuma. Daktari amepiga simu kutoka Dar: baada ya kumpasua Baba, wameufunika moyo wake kwa kiraka cha utando wa kondo la mama mmoja aliyejifungua, ili usivimbe sana. Nikasema asante. Sikusikia uchungu wala nafuu.

Nilipomweleza Mama, hakuuliza habari za uvimbe. "Na huyo mtoto, kwao wamezika nini chini ya mgomba?"

Kwetu kondo la kila mtoto huzikwa hapo. Jioni Mama aling'oa chipukizi la mgomba, akalipanda kwenye kibanja chetu cha migomba, karibu na pale lilipozikwa kondo langu.

"Hili ni la huyo mtoto. Baba yako akirudi atalipalilia mwenyewe."

Nikaitikia. Sijamwambia kwamba Baba bado hajaamka.