Yusufu Hakumzaa, Susu

Mpendwa susu, nyanya yangu,

Tumemzika Mama, na si hapo Matiliku kando yako kama ulivyomwahidi. Nakuambia mapema ili usiendelee kumngoja.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisoma Mathayo sura ya kwanza? Wahubiri huyaruka majina yale. Wewe uliyasoma yote, jikoni, huku ukichambua mbaazi. Ukifika kwa Rahabu unajipiga paja: "Kahaba kwa ukoo ya Mwokozi, na watu wa hapa bado wanachagua!" Hukujaliwa mtoto, ukamtolea Mama mbuzi wa mahari, akawa iweto wako, mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake, atuzae sisi kwa jina la marehemu mumeo. Wenzangu waliponicheka eti sina baba, ulinivuta sikio. "Yusufu alizaa Yesu? Hakuzaa. Na ukoo ya Daudi ilipitia wapi? Kwake. Sasa kula." Nikala, nikaamini.

Siku ya mazishi yako mchungaji alitangaza kwamba umetuacha bila mtoto. Nilitaka kupiga kelele. Mama akanifinya mkono.

Naye alipofariki, shemeji yako, yule uliyemlea hadi akakuita mama, alisimama langoni mwako akatuzuia. "Huyu alikuwa wa kusaidia mama kazi. Sisi hatumjui kama bibi ya mtu." Tukampeleka kwao, Kwa Vonza. Wajomba hawakutukaribisha hata kuketi. "Mbuzi tulikula. Huyo ni wenu." Basi Mama amelala makaburi ya umma, kati ya watu wasiojulikana, yeye aliyeolewa kwa mahari kamili. Inaniuma, susu. Sipati usingizi.

Nimeisoma tena sura ile. Tamari hakujiandika mwenyewe, wala Ruthu. Kuna mtu aliyekubali kuwaandika, na wengine wakakubali kuyasoma majina yao mbele ya watu. Hilo hukutufundisha. Ulidhani kutukubali wewe peke yako kunatosha. Hukuwaita wazee wa ukoo ukiwa bado na sauti, ukawafanya waseme kwa vinywa vyao kwamba sisi ni wako. Nakupenda, na nimekukasirikia sana.

Nimejifungua msichana. Kila mtu alitarajia nimpe jina lako. Nimempa la Mama. Lako nimewaachia watu wako.

Lala, susu.

Mimi, mtoto wa iweto wako